Mtoto wa siku tatu ni wa nani?

Tukikaa kuzungumza juu ya desturi zetu, swali la heshima halikosekani. Nani aheshimiwe kwanza? Wengine wanasema mzee, wengine mgeni, wengine mama mukwe, na kuna wanaosema wafu. Katika mazungumzo yote niliyohudhuria, sijasikia mtu hata mmoja akitaja mtoto wa siku tatu. Mimi ninataka kumtaja leo. Nitamtaja kwa njia ya jambo moja ambalo bamama wengi wa hapa kwetu wamekwisha kuliona, hata kama hawakulipa jina: macho ya mtoto mchanga yanayogeuka rangi ya manjano. Banganga wanasema ikteri, wengine wanasema jonisi. Tusiichanganye na homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa mwingine unaoletwa na mbu.

Mimi si munganga. Ninafundisha biolojia na kemia katika sekondari hapa Lubumbashi, na diploma yangu ni ya ISP. Ninayoandika hapa ninayaandika kama mwalimu, na pia kama mtu mwenye deni.

Mwaka 2008 bibi ya kaka yangu alizaa mtoto mwanaume, kule Katuba. Kaka yangu alikuwa Kolwezi kwenye kazi ya mgodi, akaniachia mimi nyumba yake. Mtoto alizaliwa usiku katika kituo kimoja kidogo cha afya. Kesho yake mchana mama na mtoto walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani, maana kila siku ya kitanda ilikuwa na bei yake. Mama ya shemeji alikuwa amefika kutoka Bukama na mizigo yake: unga, samaki wa kukauka, majani ya dawa, na vikwembe viwili vya zamani vilivyolala katika sanduku miaka mingi vikingoja mjukuu. Mtoto akafungwa ndani ya kikwembe kimoja. Dirisha likafunikwa na blanketi, mbabula ikawekwa pembeni. Mtoto hatoki inje mbele kitovu kianguke. Hiyo ndiyo desturi, na sikuwa na neno juu yake.

Siku ya tatu shemeji alikuja naye mpaka mlangoni, dakika moja tu, ili nimuone. Jirani mmoja akapiga vigelegele: « Muangalie namna anatoka mweupe! » Mnajua kwamba watoto wetu wanazaliwa na ngozi nyeupe-nyeupe kabla ya rangi yao kuja, na weupe huo tunausifu sana (sijui ni nani alitufundisha kuusifu, lakini hayo ni ya siku nyingine). Mimi niliona macho. Pale panapopaswa kuwa peupe palikuwa na rangi ya embe bivu. Mwezi ule ule nilikuwa nimefundisha somo la ini, ubaoni, kwa chaki za rangi. Nikauliza kama ananyonya. Shemeji akasema tangu asubuhi analala tu, mtoto mpole sana, halii. Nikafungua kinywa niseme neno. Kutoka ndani, bila kunionyesha uso, mama mukwe akasema: « Mutoto arudi. Baridi. »

Na mimi nikafunga kinywa.

Kwa wasomaji ambao si wa huku, nieleze kidogo juu ya buko. Kwetu Waluba, na kwa majirani wetu wengi, mkwe mwanaume hakutani uso kwa uso na mama ya bibi yake. Akimuona njiani, anapinda. Hawali pamoja, hawabishani, na mdogo wa bwana anahesabiwa sawa na bwana mwenyewe. Tena mambo ya chumba cha mzazi ni ya wanawake. Kijana wa miaka 28 aliyeanza kubishana na mukwe wake juu ya mtoto aliye ndani ya chumba hicho angekuwa amevunja sheria mbili kwa neno moja. Hivi ndivyo nilivyojieleza mwenyewe njiani nikirudi kwangu. Nilijieleza vizuri sana.

Siku ya tano mtoto akaanza kulia, sauti nyembamba na kali ambayo haikufanana na kilio cha mtoto. Mgongo wake ukawa unapinda kwa nyuma kama upinde. Siku ya sita wakamkimbiza lopitali. Hakufa. Sasa amepita miaka 17. Hasikii. Mikono yake inajinyonga-nyonga bila yeye kutaka, na kijiko hawezi kukipeleka kinywani. Akili yake iko: anatutazama, anaelewa, na mara nyingi anacheka mbele yetu sisi wenye masikio.

Sasa tuseme kidogo kile kilichokuwa kinatendeka ndani ya mwili wake, kwa sababu bila kukijua hatuwezi kuhukumu mtu.

Chembe nyekundu za damu hazidumu milele. Zinapozeeka zinavunjwa, na katika kuvunjwa kwao inatoka takataka ya rangi ya manjano inayoitwa bilirubini. Kazi ya ini ni kuitengeneza ili itoke pamoja na choo. Mtoto mchanga ana chembe nyingi, tena zake zinakufa upesi kuliko zetu, na ini lake bado linajifunza kazi. Njo maana karibu watoto 60 kati ya 100 waliotimiza miezi yao, na 80 kati ya 100 waliozaliwa mbele ya wakati, wanakuwa wa manjano katika juma la kwanza. Inaonekana siku ya pili ao ya tatu, inapanda mpaka siku ya tano hivi, kisha inashuka yenyewe. Kwa watoto wengi hakuna hatari. Na hapo ndipo mtego ulipo. Nkambo aliyelea watoto kumi, na saba kati yao walikuwa wa manjano wakapona kwa maziwa tu, anasema kweli anaposema « itaisha ». Ujuzi wake si uongo. Lakini kuna mtoto mmoja kati ya wengi ambaye bilirubini yake inapanda kupita kipimo, inavuka damu na kuingia kwenye ubongo, na inachoma kwanza zile fasi zinazoongoza kusikia na mwendo wa viungo. Ikisha kuchoma, hakuna dawa ya kurudisha. Mbele ya hapo, matunzo yanaweza kumuokoa karibu kila mara. Kati ya hali hizo mbili wakati mwingine ni siku mbili tu, na ni siku ambazo mama amekwisha kutoka matenite na munganga hamuoni tena.

Kinachofanya mtoto mmoja apande kuliko mwingine ni mambo mengi. Kuna damu ya mama isiyopatana na ya mtoto, mfano mama wa O na mtoto wa A ao B. Kuna maambukizi, kuna kuzaliwa mbele ya wakati, kuna uvimbe wa damu kichwani baada ya uzazi mgumu, kuna kunyonya kidogo. Na kuna jambo moja ambalo ninataka kukaa juu yake, kwa sababu liko ndani kabisa ya masanduku yetu.

Watu wengi wa sehemu zetu za malaria wana upungufu wa enzimu moja inayoitwa G6PD, ambayo inalinda chembe nyekundu. Upungufu huo ulienea kwa babu zetu kwa sababu unasaidia kidogo mbele ya malaria kali. Unapitishwa kwa kromozomu X, kwa hiyo unaonekana zaidi kwa wanaume. Mtu anaweza kuishi nao miaka 70 bila kujua. Lakini akikutana na vitu fulani, chembe zake zinapasuka kwa wingi, na kati ya vitu hivyo iko naftalini: zile tembe nyeupe zenye harufu kali tunazoweka katika sanduku ili mende na nondo wasile nguo. Harufu yenyewe inatosha. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akifungwa katika nguo iliyotoka moja kwa moja kwenye sanduku la naftalini, damu yake inaweza kuvunjika kwa wingi, na ini lake changa haliwezi kuifuata.

Basi fikirieni vikwembe vile viwili kutoka Bukama. Nkambo alivinunua kwa pesa ya samaki, akaviweka miaka mingi pasipo kuvivaa, akavilinda na wadudu, akapanda navyo treni. Hakuna kitu katika nyumba ile kilichokuwa na upendo mwingi kuliko kikwembe kile. Kama ndicho kilichovunja damu ya mtoto wetu, hakuna aliyepima. Mimi ninachokumbuka ni harufu, pale mlangoni.

Mwaka mmoja baadaye kulikuwa na kikao cha familia. Watu walikuwa wamekwisha kuanza kutafuta kosa. Wengine walisema shemeji alikula mawese kupita kiasi akiwa na mimba, wengine walinong'ona kwamba kaka yangu alikuwa na mwanamke kule Kolwezi, na kwamba mtoto analipa uzinzi wa baba. Mimi, kama mtu aliyesoma, nikasimama nikaeleza. Nikaeleza bilirubini, ini, giza la chumba, naftalini, maji ya sukari waliyompa mahali pa maziwa. Nilieleza vizuri, kama ninavyoeleza darasani, na kila neno langu lilikuwa linatembea polepole kumuelekea mama mukwe, aliyekaa nyuma yetu, amegeuza mgongo kama desturi inavyotaka. Nilipomaliza, akasema bila kugeuka:

« Miye sikujua. Weye ulijua. Ulisema nini? »

Hakuna aliyejibu. Na mimi tangu siku ile ninalo swali hilo.

Tulipime. Mama yule alitenda bila kujua. Mimi nilijua bila kutenda. Tukiuliza nani aliyemuumiza mtoto, mkono wake ndio uliomvika kikwembe na kufunika dirisha. Tukiuliza nani aliyekuwa na uwezo wa kumuokoa, jibu linabadilika. Katika shule zetu tunafundisha methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, na aliyevunjika hakuwa mimi. Hapo ndipo nilianza kuona ubaya wa utii wangu: bei yake ililipwa na mtu mwingine, asiye na kinywa cha kukataa. Mtu akikaa kimya mbele ya mzee na kukubali hasara yake mwenyewe, tunaweza kumsifu. Lakini akikaa kimya na hasara ikamwangukia mtoto wa siku tatu, heshima hiyo imetolewa kwa mali ya nani?

Nilipoongea hivyo na mwalimu mwenzangu, mtu wa filozofia, alinikumbusha Placide Tempels, mmisionari aliyeishi kati ya Waluba na ambaye kitabu chake juu ya filozofia ya Kibantu kilitolewa hapa mjini, ulipokuwa ungali Élisabethville, mwaka 1945. Wasomi wa Kiafrika walikuja kumpinga kwa mengi, na walikuwa na haki. Lakini jambo moja aliloandika wazee wetu wanalikubali hata leo: kwamba nguvu ya uzima inashuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na ukubwa wa mkubwa uko katika kuongeza uzima wa walio chini yake. Mwenzangu akasema, basi ukimsaidia mzee kuongeza uzima hujamvunjia heshima. Nilipenda jibu lile. Lakini halikunitosha, kwa sababu linamuacha mtoto chini kabisa, kama kitu kinachopokea tu.

Na desturi yetu haisemi hivyo! Mtoto yule alipewa jina la baba ya nkambo wake. Mnajua maana ya majina kwetu. Tangu siku ya jina, nkambo alikuwa anamuita « tata », akimuongelesha kwa sauti ya chini kama anavyoongea binti na baba yake. Akimpangusa, alikuwa anamuomba ruhusa. Nimewaza sana juu ya jambo hili. Katika chumba kile, kwa sheria ya desturi yenyewe, mkubwa wa wote alikuwa nani? Alikuwa yule wa manjano aliyefungwa katika kikwembe. Mimi nilisema ninanyamaza juu ya heshima ya mkubwa, na mkubwa alikuwa analala bila kunyonya hatua mbili mbele yangu.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema dawa ya mambo haya ni kutupa desturi. Wengi wa hao hawajakaa na mzazi siku saba. Desturi ya kumfungia mama ndani ina hekima kubwa: wanawake wengine wanapika, wanafua, wanachota maji, ili yeye akae na mtoto kifuani. Mtoto mchanga anapaswa kunyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku na mchana, na yale maziwa ya kwanza mazito, ambayo wengine wanayamwaga wakidhani ni machafu, yanamsaidia kutoa choo cheusi cha kwanza ambamo bilirubini inatokea. Nani atanyonyesha mara 12 akiwa anatwanga na kuuza makala sokoni? Chumba kile kinaponya. Kilichokosekana ndani yake ni mwanga wa kumuona mtoto, na mtu mwenye haki ya kusema alichoona.

Kuona kwenyewe hakuhitaji mashine. Fungua pazia mchana, si kwa taa ya mafuta. Vuta kidogo kope uone weupe wa jicho, bonyeza ufizi kwa kidole uone rangi inayobaki, kisha uangalie viganja na nyayo, maana kwa ngozi yetu uso unadanganya. Umanjano unaanza kichwani na kushuka. Ukionekana katika saa 24 za kwanza, hakuna kungoja hata saa moja: lopitali. Ukifika viganjani na nyayoni, lopitali. Mtoto akilala kupita kiasi na kukataa ziwa, ao akiwa na homa, lopitali, hata kama ni usiku. Yule « mtoto mpole asiyelia » tuliyekuwa tunamsifu alikuwa anakwenda. Na ukipita majuma mawili bila kuisha, hasa choo kikiwa cheupe na mkojo mzito, kuna tatizo lingine la ini ambalo halingoji pia.

Hapa mtu ananiambia: mwalimu, si tumuweke tu kwenye jua? Neno hili la jua limeenea sana. Lina historia, na historia yake inanifundisha jambo.

Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, kulikuwa na muuguzi mkuu aliyeitwa Ward, aliyetunza watoto waliozaliwa mbele ya wakati. Alikuwa na tabia ya kuwatoa inje wapate hewa na jua. Siku moja madaktari wakipita, aliwaonyesha mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imekwajuka, isipokuwa kipande kimoja chenye pembe kilichobaki cha manjano. Walimuuliza kama alimpaka dawa. Akawaeleza kwamba, kwa mawazo yake, ni jua: kile kipande kilikuwa kimefunikwa na pembe ya shuka. Daktari Cremer na wenzake wakafanya utafiti, wakatoa matokeo mwaka 1958, na hapo ndipo zilitoka taa za bulu zinazotumiwa duniani kote mpaka leo. Mwanga ule, hasa wa bulu, unaigeuza bilirubini chini ya ngozi ili itoke mwilini bila kungoja ini. Mtoto analazwa uchi chini yake, macho yamefunikwa, ananyonya mara nyingi. Ikiwa imepanda sana, wanambadilishia damu.

Msomaji ataona kwamba mwanamke yule naye alisimama mbele ya wakubwa wake, na hakuwa na uhakika. Alionyesha alichoona.

Lakini jua la uani si taa. Katika mwezi wa kumi jua la Lubumbashi linachoma mtu mzima. Asubuhi ya mwezi wa sita mtoto uchi anapata baridi mbaya. Na hakuna anayejua amepata mwanga kiasi gani. Watafiti nchini Nigeria walionyesha mwaka 2015 kwamba jua linaweza kutibu kwa usalama, lakini ni jua lililochujwa na plastiki maalumu inayozuia miale ya kuchoma, na wauguzi wakipima joto la mtoto kila wakati. Ubaya mkubwa wa jua la uani ni ule ule wa maji ya sukari: linampa kila mtu nyumbani mawazo kwamba kitu kimefanywa. Siku mbili zinapita.

Wengine watasema ninasahau pesa. Sisahau. Shemeji alitoka matenite baada ya siku moja juu ya pesa, si juu ya desturi, na kaka yangu aliuza redio na baiskeli kwa kulipa lopitali. Tangu 2023 Serikali imeanzisha mpango wa uzazi bila malipo, Kinshasa kwanza, kisha katika majimbo mengine hatua kwa hatua, na mpango huo unagusa pia mtoto mchanga. Ni jambo jema. Lakini hata mlango wa bure, lazima mtu ndani ya nyumba aseme « twende », na neno hilo halinunuliwi.

Nirudie kosa, maana halikuishia kwenye kikao. Mtoto alipofika miaka mitano, kikundi kimoja cha maombi kilisema kwamba namna mikono yake inavyojinyonga ni bulozi, na kwamba kufilisika kwa baba yake kulitoka kwake. Walitaka kumfungisha chakula siku tatu. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshitaki mtoto uchawi na inatoa adhabu, lakini aliyezuia siku ile hakuwa sheria. Alikuwa nkambo kutoka Bukama. Alisimama mlangoni na mwiko wa bukari mkononi, akawaambia: huyu ni baba yangu, hamtamnyima chakula. Ninaandika hili ili msomaji asiyefundishwa naye asimuone kama mwanamke wa ujinga. Yeye, alipojua, hakunyamaza.

Mwaka 2014 shemeji akazaa tena, mtoto mwanamke. Mama mukwe akaja tena. Vikwembe safari hii vilifuliwa mara mbili na kuanikwa siku mbili mbele ya kuzaa; sikuwa nimesema kitu, ni neno la kikao lililobaki kichwani mwake. Siku ya tatu asubuhi, mtoto wa jirani akaja kunigongea: « Nkambo anakuita. Anasema uje mbio. » Nilipofika, nikasimama mlangoni kama mwaka ule mwingine. Blanketi lilikuwa limeondolewa dirishani. Kutoka ndani nikasikia sauti yake:

« Ingia. »

Sikuingia. Nikakumbusha buko.

« Ingia, mwalimu. Muangalie macho. Miye nitaangalia ukuta. »

Nikaingia. Alikuwa amesimama kwenye pembe, uso kwenye matofali, kikwembe juu ya kichwa. Shemeji akaleta mtoto kwenye mwanga wa dirisha. Nikavuta kope, nikabonyeza ufizi, nikafungua vidole vya miguu. Manjano ilikuwa imefika kwenye nyayo. Nikasema: « Twende. » Mama mukwe akawa wa kwanza kutoka, mtoto kifuani, kitovu bado hakijaanguka, akipita mbele yangu na macho chini. Barabarani nilitembea nyuma yao hatua kumi, kama inavyotakiwa, mpaka tulipopata teksi. Yeye akakaa mbele, mimi nyuma.

Mtoto alikaa chini ya taa ya bulu siku tatu. Umeme ulikatika mara mbili, tukachanga pesa ya mafuta ya jenereta pamoja na familia nyingine mbili. Leo yuko darasa la sita, na anasikia hata yale yasiyomhusu.

Juma lililofuata mama mukwe akanitumia mtu: nilete kuku, maana niliingia katika chumba cha mukwe wangu, na kosa lile lazima lisafishwe. Nikapeleka jogoo mweupe. Alimpokea kupitia mlangoni, akiwa amegeuza mgongo, akasema ni mdogo.